Taa ya cheki injini imewaka: fanya haya kabla hujanunua spea

Simu huwa ni ileile. "Kaka, taa ya njano yenye picha ya injini imewaka, gari linatembea vizuri tu, niendelee au nisimame?" Siku mbili baadaye mtu huyohuyo anapiga tena: "Fundi kasema sensa imekufa, ninunue?" Nikimuuliza sensa ipi, hajui. Nikimuuliza kama gari limepimwa kwa mashine, ananiambia fundi amesikiliza mlio. Kwa hiyo nimeandika yote hapa, ili atakayeuliza tena asome kwanza kisha tuzungumze akiwa na msimbo mkononi.

Nazungumzia magari ambayo wengi wetu tunayo: ya petroli, yaliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. IST, Vitz, Raum, Premio, X-Trail, Forester na wenzao. Mifano yangu mingi inatoka kwenye Toyota IST ya toleo la kwanza, la 2002 hadi 2007, kwa sababu ndiyo niliyoihangaikia kwa mikono yangu mwenyewe.

Kabla ya yote, elewa taa inasema nini. Injini ina kompyuta yake, mafundi huiita kontrolo boksi, inayopokea habari kutoka kwenye sensa: hewa inayoingia, joto la maji, oksijeni iliyobaki kwenye moshi, mzunguko wa injini. Ikiona habari zisizokubaliana na inavyotarajia, inaandika msimbo na kuwasha taa. Msimbo huo ni malalamiko ya kompyuta. Hautaji kifaa cha kubadilisha. Kompyuta ikisema "hewa ni nyingi kuliko petroli", haijasema "badilisha sensa ya oksijeni". Hela za watu wengi hupotea hapo.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari, au simu ya kupigia picha dashibodi na kuandikia misimbo.
- Kifaa kidogo cha kusomea misimbo, aina ya ELM327 cha bluetooth, pamoja na programu ya simu kama Torque au Car Scanner. Mwenye iPhone achague cha Wi-Fi au cha bluetooth ya aina mpya (BLE), kwa kuwa kile cha bluetooth ya kawaida hakitaungana na simu yake.
- Spana namba 10. Kwenye Toyota ndogo inafungua terminali za betri, koili na vingine vingi.
- Tochi na kitambaa kikavu.
- Namba ya chesisi ya gari lako. Kwenye IST inaanza na NCP60, NCP61 au NCP65. NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na NCP65 ni ya 1.5 inayovuta magurudumu yote. Ukienda Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) kuuliza spea kwa kusema "ya IST" tu, utarudi na kisichoingia.

Huna kifaa? Kuna mafundi wengi wanaopima gari kwa mashine. Lipia kupima peke yake, na mwambie mapema kwamba unataka misimbo iandikwe kama ilivyo, herufi na namba, kabla hajafuta chochote.

Hatua kwa hatua

1. Tazama rangi, na tazama kama taa inapepesa.

Taa ya njano iliyotulia, gari likivuta kama kawaida, haikulazimishi kusimama hapo ulipo. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, fika unakokwenda, kisha upime siku hiyohiyo au kesho yake.

Taa ya njano inayopepesa huku gari likitetemeka ni habari nyingine. Maana yake injini inamisi vibaya: petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungulia ndani ya masega ya eksozi (kile kifaa cha kusafishia moshi), na masega yanapata joto la kuyayeyusha. Ondoa mguu kwenye mafuta na utafute mahali salama pa kuegesha. Ukiwa unapanda mlima Kitonga na abiria na mizigo, usijiambie utafika juu kwanza. Egesha, weka pembetatu, zima injini.

Taa nyekundu haimo kwenye mwongozo huu, lakini lazima niiseme, kwa sababu watu huzichanganya. Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili ikiwaka injini inapofanya kazi, zima injini mara tu ukipata pa kusimama. Usisogee hata mita mia. Taa nyekundu ya joto, au mshale wa joto ukipanda, ni hivyohivyo. Baadhi ya magari madogo hayana mshale wa joto kabisa: yana taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi joto. Nyekundu hiyo ikiwaka, zima, na usifungue rejeta mpaka ipoe.

2. Kagua vitu vya macho kabla ya mashine.

Egesha pa tambarare, zima, subiri dakika kumi, fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Angalia kulanti (maji ya kupoza injini) kwenye tanki la akiba. Tikisa terminali za betri. Zikicheza au zikiwa na unga mweupe, safisha na kaza. Fungua boksi la filta ya hewa. Kama gari linakula vumbi la barabara ya changarawe kila siku, usishangae kukuta filta imekuwa kama mkeka wa udongo.

Kisha fuata mpira mkubwa wa hewa kutoka kwenye filta hadi kwenye injini, ukiupapasa kwa vidole mpaka upande wa chini usioonekana. Fanya hivyo na kwa mipira midogo yote inayoingia kwenye injini. Tafuta uliochanika, uliokauka, uliochomoka. Tafuta pia nyaya zilizotafunwa: gari lililolala wiki mbili bila kuguswa ni makazi mazuri ya panya.

Jiulize pia kilichofanyika siku mbili zilizopita. Injini ilioshwa kwa maji ya presha? Ulipita kwenye maji ya mafuriko? Ulijaza mafuta kituo usichokizoea? Fundi aligusa kitu? Majibu ya maswali haya yamenisaidia mara nyingi kuliko mashine.

3. Chomeka kifaa.

Soketi ipo chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti. Ina matundu 16 kwa safu mbili. Chomeka kifaa injini ikiwa imezimwa, kisha zungusha swichi hadi ON bila kupiga stata. Kwenye simu, unganisha bluetooth. Neno la siri kwa kawaida ni 1234 au 0000. Fungua programu, chagua kusoma misimbo.

4. Andika kila kitu. Usifute.

Msimbo una herufi moja na tarakimu nne, kwa mfano P0301. P ni injini na gia, C ni breki na miguu ya gari, B ni bodi, U ni mawasiliano ya kompyuta zenyewe. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, maana yake ni moja kwa magari yote. Ikiwa 1, mara nyingi ni msimbo wa mtengenezaji, na lazima utafute maana yake kwa jina la gari lako.

Pamoja na msimbo, programu nyingi huonyesha hali ya injini wakati taa ilipowaka: mwendo, joto, mzunguko. Piga picha. Habari hiyo inafutika msimbo ukifutwa, na ndiyo itakayomwambia fundi kama tatizo lilitokea injini ikiwa baridi asubuhi au kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Mtu anayechomoa betri "ili taa izime" anatupa ushahidi wote, na taa itarudi.

5. Soma msimbo kama malalamiko, kisha tafuta chanzo, ukianza na kisicho na gharama.

Hii ndiyo hatua kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

*P0300, P0301, P0302, P0303, P0304.* Injini inamisi. Tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. P0300 ni silinda zaidi ya moja au isiyojulikana. Kwenye IST na Toyota nyingi ndogo, silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa feni belti. Kila silinda ina koili yake juu ya plagi, imeshikwa kwa bolti moja ya namba 10. Tuseme umepata P0303. Zima injini, chomoa soketi ya koili ya 3 na ya 2, koili zenyewe zibadilishane nafasi, rudisha soketi, futa msimbo, tembea. Ukirudi P0302, koili ndiyo mbovu, maana tatizo limehama nayo. Ukibaki P0303, koili ni nzima. Hamisha plagi kwa njia hiyohiyo, injini ikiwa imepoa. Ukibaki palepale tena, hapo ndipo fundi aangalie nozeli na kupima msukumo wa silinda. Jaribio hili halina gharama yoyote, na nimeona watu wakinunua koili nne kwa sababu hawakulifanya.

Ukichomoa koili, mulika shimo la plagi. Ukikuta oili humo, gasketi ya tapeti kava imechoka. Badilisha gasketi kwanza, la sivyo koili mpya itaoga oili na kufa kama ya zamani. Ukikuta maji, na juzi ulioshewa injini, kausha na uache wazi kwa muda kabla ya kurudisha.

*P0171.* Hewa imezidi petroli. Huu ndio uliokula hela zangu. Taa iliwaka, gereji niliyokuwa nikiiamini ikanibadilishia sensa ya oksijeni, ya mtumba. Taa ikarudi baada ya siku mbili. Wakaweka ya pili. Ikarudi. Mwishowe nilivua mpira mkubwa wa hewa nikaukunja mkononi, nikaona ufa chini, mahali penye mikunjo, unaofunguka tu mpira ukivutwa. Injini ilipotikisika ufa ulifunguka, hewa ambayo haijapimwa ikaingia, na sensa ya oksijeni ikasema ukweli: hewa ni nyingi. Tulimfukuza shahidi mara mbili. Kwa P0171, fuata mpangilio huu: mipira ya hewa, kisha sensa ya hewa iliyoko karibu na filta, kisha eksozi inayovuja mbele ya sensa ya oksijeni, kisha filta na pampu ya petroli. Sensa ya oksijeni iwe ya mwisho.

*P0100 hadi P0103.* Sensa ya hewa au waya wake. Hakikisha kwanza soketi yake imeingia vizuri, hasa kama filta ilifunguliwa karibuni. Ndani ina waya mwembamba kama unywele. Inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza na kuachwa ikauke. Usiiguse kwa kidole au kitambaa, na usimruhusu mtu kuipuliza kwa kompresa.

*P0115 hadi P0118.* Sensa ya joto la maji: mara nyingi soketi au waya.

*P0125 au P0128.* Injini haifiki joto linalotakiwa. Hapa uliza swali moja: thamostati ipo? Mafundi wengi huitoa kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Injini inabaki baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ni asubuhi, na wewe unalalamika gari linakunywa. Rudisha thamostati.

*P0335 na P0340.* Sensa za mzunguko wa injini. Gari linaweza kuzima ghafla barabarani na kukataa kuwaka mpaka lipoe. Usisafiri mbali na msimbo huu.

*P0420.* Masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Wakati mwingine yamechoka au yameziba. Wakati mwingine hayapo: yana madini yenye thamani, yananunuliwa, na kuna gari lililoingia gereji kwa tatizo la breki likatoka bila masega. Kabla ya kununua sensa, gonga boksi la masega kwa ngumi likiwa limepoa. Likilia tupu au likigongana ndani, umeshajua.

Nyongeza kuhusu mfuniko wa tanki la mafuta. Video nyingi zinasema kaza mfuniko na taa itazima. Ushauri huo ni wa magari ya soko la Marekani, yanayopima uvujaji wa mvuke wa petroli. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hayana kipimo hicho. Kaza mfuniko, lakini usikae wiki nzima ukisubiri taa izime.

6. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati.

Ukibadilisha plagi, filta, koili na sensa siku moja, taa ikizima hujui kilichoponya, na isipozima umemaliza hela. Kila spea uliyotoa, omba urudi nayo nyumbani. Ni yako, na huenda ni nzima.

7. Futa msimbo, kisha tembea.

Sasa ndiyo ufute. Tumia gari siku kadhaa: foleni, mwendo mrefu, asubuhi injini ikiwa baridi. Makosa mengi kompyuta huyasubiri yatokee safari mbili kabla ya kuwasha taa, kwa hiyo taa kuzima jioni moja haithibitishi kitu. Soma tena baada ya siku tatu na uangalie pia sehemu ya misimbo inayosubiri. Kosa huonekana hapo kabla ya taa.

Namna ya kuzungumza na fundi

Usimwambie "badilisha sensa". Mwambie: "Fundi, nimepata P0171, mipira nimeikagua, filta ni safi, nataka ujue hewa inaingilia wapi." Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi. Anayekasirika ukimtajia msimbo, au anayetaja bei ya spea kabla ya kufungua boneti, mshukuru na uondoke. Na kaa pale kazi ikifanyika, hasa gari likiinuliwa.

Usikubali mtu akate waya wa taa au atoe balbu yake. Hilo hufanywa sana kabla ya gari kuuzwa. Ukienda kununua gari, weka swichi ON bila kuwasha injini: taa ya cheki injini lazima iwake pamoja na nyingine, kisha izime ukishawasha injini. Isipowaka kabisa, kuna aliyeificha. Ikizima sambamba kabisa na taa nyingine, kwa mfano ya oili, na si kwa wakati wake, pima kwa kifaa kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Huenda imeunganishwa nayo.

Ukikwama

*Kifaa kinawaka lakini hakiungani na gari.* Hakikisha swichi iko ON. Ikiwa iko, huenda tatizo ni umri. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kuanzia magari ya 1996, lakini magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi yenye umbo lilelile na lugha tofauti ndani. IST za mwanzo zinaweza kukugomea hivyo. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani. Wenzetu wa Kenya hulikuta tatizo hili mara chache kwenye magari mapya kuingia, kwa kuwa sheria yao hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane. Kuna mafundi wanaounganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya ili taa ipepese na kuhesabu msimbo. Njia hiyo ni ya kweli kwa Toyota, lakini tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kompyuta. Mwachie anayeijua.

*Kifaa hakiwaki kabisa.* Fyuzi ya soketi imeungua. Mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya kiberiti cha sigara au ya redio. Angalia mfuniko wa boksi la fyuzi.

*Taa imewaka lakini hakuna msimbo.* Huenda kifaa chako hakisomi misimbo ya mtengenezaji. Pima kwa mashine kubwa zaidi.

*Misimbo ni mingi, kumi na zaidi, ya sensa zisizohusiana.* Usinunue chochote. Pima betri na oltaneta, safisha terminali na waya wa athi unaoshika bodi. Umeme ukishuka, kompyuta huona kila sensa ni mbovu.

*Taa ilizima yenyewe.* Kosa lisiporudi kwa safari tatu mfululizo, kompyuta huizima. Msimbo hubaki kwenye kumbukumbu kwa muda, kwa hiyo bado unaweza kuusoma.

*Baada ya kuchomoa betri gari linakosa sailensa (haliungurumi kwa utulivu usipokanyaga mafuta), linazima kwenye foleni.* Kompyuta imesahau ilichojifunza kuhusu injini yako. Liache liungurume bila kukanyaga mafuta mpaka lipate joto, kisha endesha taratibu. Likiendelea kuzima, throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) imejaa masizi, isafishwe.

*Gari lilianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza mafuta.* Huenda yamechakachuliwa au yana maji. Usiendelee kuliendesha ukitumaini yataisha. Chukua sampuli kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji hushuka chini na utayaona. Tanki limwagwe, na risiti uitunze, ndiyo utakayoshika ukirudi kituoni kudai.